UTI sugu: jeni zilizo nyuma ya herufi R

Maneno "UTI sugu" yamezoeleka mitaani kiasi kwamba mtu huyataja kama anavyotaja kabila lake: "Mimi nina UTI sugu." Mwili wa mtu hauna usugu wowote hapa. Sugu ni bakteria, na usugu wake umeandikwa kwenye jeni zinazojulikana kwa majina. Ile karatasi ya majibu ya kuotesha mkojo, yenye orodha ya dawa na herufi S (dawa inamuua bakteria), I (katikati) na R (bakteria ni sugu) pembeni, ni kivuli cha jeni hizo. Anayejua kivuli kipi kimetoka kwenye jeni ipi huisoma tofauti kabisa na yule anayetafuta S ya kwanza aandike dawa.

Na kabla ya yote: wengi wanaoambiwa wana UTI sugu hawana UTI. Utafiti wa HATUA, uliokusanya mkojo wa wagonjwa wenye dalili Kenya, Tanzania na Uganda, ulikuta kwamba wengi wao mkojo haukuotesha bakteria wa kuhesabika. Seli za usaha chache kwenye darubini si UTI. Zinaweza kutoka ukeni, zinaweza kuwa klamidia au kisonono, zinaweza kuwa mawe. Ukimpa mtu wa namna hiyo dozi tatu za antibaiotiki na asipone, usugu unaoulaumu haupo. Lakini ule wa kweli unaanza kutengenezwa utumboni mwake siku hiyohiyo.

Mhusika mkuu ni Escherichia coli, anayesababisha robo tatu au zaidi ya UTI za kawaida za wanawake. Makao yake ni utumbo mpana, ambako hamsumbui mtu. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, kwa hiyo safari yake ni fupi. Jeni ya fimH humpa ndoano: protini iliyo kwenye ncha ya vinyweleo vyake hunasa sukari ya manosi juu ya ukuta wa kibofu, la sivyo angesombwa kila mtu anapokojoa. Wenye jeni ya papG hunasa hadi kwenye figo, ndiyo maana huonekana zaidi kwa wagonjwa wenye homa na maumivu ya kiuno. Hizi ni jeni za ukali, si za usugu, na watu huzichanganya mno. Kuna E. coli mkali anayekufa kwa kidonge cha bei rahisi, na kuna mpole asiyesikia dawa hata moja.

Usugu humfikia bakteria kwa njia mbili, na tofauti yake ndiyo msingi wa kila kitu kitakachofuata. Njia ya kwanza ni kosa la kunakili ndani ya kromosomu yake mwenyewe. Hilo hurithiwa na watoto wake tu. Njia ya pili ni plasmidi, kipande cha DNA cha mduara kinachojitegemea. Bakteria mwenye plasmidi hutoa uzi mwembamba, humvuta jirani, kisha hupitisha nakala huku akibaki na yake. Jirani si lazima awe wa jamii yake, E. coli humgawia Klebsiella bila kinyongo. Soko la biashara hiyo ni utumbo kuliko kibofu. Antibaiotiki uliyokunywa Machi kwa ajili ya kifua ilipita utumboni ikachuja wakazi wa humo, na atakayepanda kibofuni Juni ni mmoja wa waliobaki.

Sasa tuishuke karatasi.

Ampisilini na amoksilini mara nyingi ni R, na jeni ya kawaida ni blaTEM-1, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja pete ya penisilini. Herufi TEM zinatokana na jina la mgonjwa wa Athens, Ugiriki, aliyekutwa na bakteria huyo miaka ya 1960. Kwa ufupi, kumwanzishia mtu amoksilini kwa UTI bila majibu ni kubahatisha vibaya.

Septrini ni dawa mbili kwenye kidonge kimoja, zinazokata sehemu mbili njia ya bakteria ya kutengeneza foleti, vitamini anayoihitaji ili akue. Ungedhani bakteria angehitaji bahati mbili kuikwepa. Tatizo ni kwamba sul1 au sul2, inayomkinga dhidi ya nusu ya kwanza, na dfrA, inayomkinga dhidi ya nusu ya pili, mara nyingi husafiri pamoja. Jeni za dfrA hukaa kwenye intigroni, mtambo wa DNA unaopokea jeni ngeni na kuzipanga kwenye mstari kama mabehewa, na intigroni za daraja la kwanza kwa kawaida huwa na sul1 imefungwa mwishoni. Afrika Mashariki septrini imetumika miaka mingi pia kama kinga ya kila siku kwa watu wanaoishi na VVU. Ilikuwa na faida kubwa ya kuokoa maisha, lakini bakteria wa utumboni nao walikuwa wanaionja kila asubuhi. Ikisomeka S, itumie bila wasiwasi: miligramu 960 mara mbili kwa siku, siku 3 kwa mwanamke mwenye UTI ya kibofu. Bila majibu, iache.

Sipro inataka maelezo marefu kidogo. Dawa hii hukamata vimeng'enya viwili vinavyokunja na kukunjua DNA bakteria anapojigawa. Kosa moja kwenye jeni ya gyrA, nafasi ya 83, asidi amino ya serini inapogeuka lusini, hudhoofisha sipro bila kuishinda. Bakteria wa hatua hii anaweza bado kusomeka S, huku kidonge cha zamani cha asidi ya nalidiksi kikisomeka R. Kisha huja kosa la pili kwenye parC nafasi ya 80, au tena kwenye gyrA nafasi ya 87, na hapo sipro haifanyi kitu tena. Usugu huu ni ngazi, na dozi iliyokatizwa au iliyo ndogo huwaua walio chini ya ngazi na kumwacha aliyekwisha panda kidato. Plasmidi nazo huongeza mkono: jeni za qnr hukinga vile vimeng'enya, na aac(6')-Ib-cr hubandika kemikali juu ya sipro ikapoteza makali. Hii ya mwisho inashangaza. Kwa asili ni jeni ya kuharibu dawa za jamii ya amikasini na tobramaisini. Mabadiliko mawili madogo tu ndani yake yakaifundisha kushika na sipro.

Halafu sefalosporini: sefuroksimu, sefiksimu, na sindano ya seftriaksoni ambayo siku hizi watu huchomwa kwa homa yoyote. R zikijipanga kwenye mstari huo, maabara nzuri huandika chini "ESBL", yaani kimeng'enya kinachovunja penisilini na hata sefalosporini hizi, na mara nyingi jeni ni blaCTX-M-15. CTX ni sefotaksimu, M ni mji wa München nchini Ujerumani, ambako mmoja wa ndugu zake wa mwanzo alielezwa. Chimbuko lake ni Kluyvera, bakteria wa mazingira ambaye watabibu hukutana naye kwa nadra. Kipande cha DNA kinachorukaruka, ISEcp1, kiliing'oa jeni kutoka kwenye kromosomu ya Kluyvera, kikaipandikiza kwenye plasmidi, na zaidi ya hapo kikabaki mbele yake kama swichi inayoiwasha kwa nguvu. CTX-M-15 inatofautiana na CTX-M-3 kwa asidi amino moja tu, nafasi ya 240, na tofauti hiyo inatosha kuivunja vizuri zaidi seftazidimu.

Kwenye plasmidi inayobeba CTX-M-15 mara nyingi utakuta pia blaOXA-1 (jeni ya kimeng'enya kingine cha kuvunja penisilini), aac(6')-Ib-cr, jeni ya kuzuia tetrasaikilini na ya kuzuia jentamaisini. Ni msafara mzima kwenye ngamia mmoja. Mtu akinywa tetrasaikilini kwa chunusi, plasmidi nzima hunufaika, ikiwemo jeni ya kuvunja seftriaksoni ambayo mtu huyo hajawahi kuchomwa. Ndiyo maana ile hoja ya "mimi sijawahi kutumia dawa hiyo, usugu umetoka wapi?" haina uzito.

Mwaka 2008 watafiti walieleza ukoo mmoja wa E. coli, ST131, uliokuwa umekwisha sambaa mabara kadhaa. Wengi wa tawi lake linaloitwa H30 wana makosa ya gyrA na parC tayari kwenye kromosomu, na wengi pia wamebeba CTX-M-15 kwenye plasmidi. Yaani njia zote mbili zimekutana kwa bakteria mmoja, tena mwenye ndoano nzuri za kibofu. Karatasi yenye R ya sipro na R ya seftriaksoni kwa pamoja inapaswa kukukumbusha ukoo huu.

Angalia sasa mstari wa nitrofurantoini. Kwa E. coli mara nyingi bado ni S, hata pale vyote vya juu vimeanguka. Sababu ni ya kijeni. Dawa hii ikiingia ndani ya bakteria huwa haijaamka. Vimeng'enya vyake mwenyewe, vya jeni za nfsA na nfsB, ndivyo huigeuza kuwa sumu inayoharibu DNA na protini kwa wakati mmoja. Ili awe sugu, kwa kawaida bakteria hana budi kuzipoteza jeni zote mbili, na hasara hiyo humpunguzia kasi ya kukua. Usugu wa kupoteza kitu pia haupakiwi kwenye plasmidi ukagawiwa jirani. Huwezi kumgawia mtu pengo. Zipo pampu za plasmidi kama oqxAB zinazosaidia kuitoa dawa nje, ila bado hazijaharibu hesabu.

Matumizi yake yana masharti. Vidonge vya kutoa dawa polepole ni miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 5. Vya kawaida ni miligramu 50 kila baada ya saa 6. Inywewe na chakula, hufyonzwa vizuri zaidi na haichafui tumbo sana. Mkojo utageuka rangi ya chai, jambo linalowaogofya watu wakaacha dozi siku ya pili, kwa hiyo mfamasia aseme mapema. Haifiki kwa kiwango cha kutosha kwenye nyama ya figo, tezi dume wala damu, hivyo mwenye homa, kutetemeka na maumivu ya kiuno asipewe. Figo zikiwa zimechoka sana dawa haifiki kwenye mkojo, inabaki mwilini ikileta madhara. Mjamzito aliyekaribia kujifungua asipewe. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD naye asipewe, na upungufu huo si haba kwenye maeneo yenye historia ya malaria, pwani na kanda ya ziwa zikiwemo. Fosfomaisini, gramu 3 za unga mara moja tu, ni mbadala mzuri kwa E. coli pale inapopatikana. Klebsiella wengi wana jeni ya fosA kwenye kromosomu, kwa hiyo kwao usiitegemee.

Hapa ndipo jina la bakteria linakuwa na maana kuliko herufi zilizo mbele ya dawa. Proteus mirabilis ni sugu kwa nitrofurantoini kwa kuzaliwa. Karatasi ikiandika Proteus halafu nitrofurantoini S, irudishe maabara. Ama jina si lake ama kipimo kimekosewa. Klebsiella amezaliwa na jeni yake ya SHV, kwa hiyo ampisilini S ni kosa. Enterococcus hasikii sefalosporini yoyote, na septrini kwake inaweza kuonekana S kwenye sahani ikashindwa mwilini, kwa sababu anaweza kuokota foleti iliyo tayari kutoka nje. Azithromaisini, ambayo nayo huandikwa kwa UTI siku hizi, haitoki kwenye mkojo kwa kiwango cha maana. Sijui kwa nini bado inaandikwa.

Chini kabisa kuna dawa za akiba: karbapenemu, meropenemu kwa mfano, na kolistini. R ya hapa si ya kunyamazia. NDM-1, jeni ya kuvunja karbapenemu, ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwenye Klebsiella aliyetoka katika mkojo wa mgonjwa wa Sweden mwaka 2008, baada ya kulazwa India. Mwaka 2016 Marekani ilitangaza kupata kwa mgonjwa jeni ya mcr-1, inayomkinga bakteria dhidi ya kolistini, na sampuli ilikuwa mkojo wa mwanamke wa Pennsylvania mwenye dalili za UTI. Habari hizi mbili kubwa zilianzia kwenye kikopo cha mkojo.

Kikopo chenyewe basi. Majibu mengi mabovu hayaharibikii kwenye jeni wala kwenye dawa, yanaharibikia hapo. Sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza. Nawa mikono, tenganisha mashavu ya uke, safisha kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, acha mkojo wa kwanza upite, kinga wa katikati mililita 10 hadi 20 kwenye kikopo kisafi cha maabara. Chupa ya jamu iliyochemshwa haifai. Ufike maabara ndani ya saa 2, au ukae kwenye friji usizidi saa 24. Piga hesabu: bakteria 1,000 kwa mililita, ambao huenda ni uchafu wa ngozi, wakijigawa kila nusu saa kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, baada ya saa 4 watakuwa 256,000. Kiwango kinachotumika sana kusema "maambukizi" ni 100,000. Mtu mwenye afya kabisa ameshapewa ugonjwa na foleni ya maabara.

Maabara hupanda mkojo kwa kitanzi cha mikrolita 1, hivyo makoloni 100 kwenye sahani ni sawa na 100,000 kwa mililita. Aina tatu au zaidi zikiota pamoja, ni uchafu. Omba sampuli nyingine badala ya kupima dawa kwa kila moja. Kumbuka pia kwamba mwanamke mwenye dalili za wazi anaweza kuwa na UTI ya kweli kwa hesabu ndogo zaidi ya hiyo, na kitanzi cha mikrolita 1 hakioni kitu chini ya 1,000.

Kipimo cha vidonge vya karatasi, vipande vilivyoloweshwa dawa na kuwekwa juu ya bakteria kwenye sahani ili kuona duara tupu wasipoota, kina mitego yake. Agari ya Mueller-Hinton, chakula cha bakteria kwenye sahani, iwe na kina cha milimita 4: ikiwa nyembamba, duara la dawa hutanuka na mgonjwa anapata S ya uongo. Mchanganyiko wa bakteria ulingane na McFarland 0.5, kipimo cha ukungu wake: ukiwa mzito, duara hunywea na R huzaliwa pasipo jeni. Umeme ukikatika friji ikapata joto, vidonge vya amoksilini na asidi ya klavulani (dawa ya kuzima vimeng'enya vya usugu) pamoja na vya imipenemu ndivyo hufa mapema, na ghafla mji mzima unaonekana una usugu wa karbapenemu. Kopo likitoka kwenye friji liache lifikie joto la chumba kabla ya kulifungua, la sivyo unyevu unaingia. E. coli ATCC 25922, bakteria wa kulinganishia ambaye viwango vyake vinajulikana, apimwe sambamba. Asiposomeka ndani ya viwango vyake, majibu ya siku hiyo hayatoki. Kuitafuta ESBL, weka kidonge chenye asidi ya klavulani katikati na sefotaksimu na seftazidimu pembeni, vitovu vikiachana milimita 20. Duara la sefalosporini likivutika kuelekea katikati kama tundu la ufunguo, umeipata, bila mashine ya kusoma jeni.

Mashine zenyewe zinaingia taratibu, na zina udanganyifu wake. Kipimo cha jeni kikisema CTX-M ipo, iamini. Kikisema hakuna jeni, maana yake ni kwamba hakuna zile zilizotafutwa, na makosa ya gyrA au upotevu wa nfsA mara nyingi hayamo kwenye orodha yake.

Chukua karatasi ya mfano: E. coli zaidi ya 100,000. Ampisilini R, sefuroksimu R, seftriaksoni R, sipro R, septrini R, jentamaisini R, amoksilini na klavulani I, amikasini S, nitrofurantoini S, meropenemu S. R sita zinatisha, lakini si maafa sita. Huenda ni plasmidi moja au mbili na makosa machache ya kromosomu. Ile I ya klavulani inanukia OXA-1, ambayo klavulani haiizimi vizuri, kwa hiyo usiikimbilie. Mwanamke asiye na homa, asiye na mimba, mwenye figo nzima: nitrofurantoini siku 5, anatembea kwenda nyumbani. Hakuna sababu ya kumlaza kwa meropenemu kwa kuwa tu karatasi imejaa R. Akiwa na homa na kiuno kinauma, mambo yanageuka: amikasini au karbapenemu, hospitalini.

Dalili zikiisha, mkojo usioteshwe tena "kuhakikisha", isipokuwa kwa mjamzito. Bakteria wakutwao kwenye mkojo wa mtu asiye na dalili kwa kawaida hawatibiwi, na kila dozi ya kuwafukuza huulisha ule msafara utumboni. E. coli mwenye CTX-M anaweza kukaa utumboni miezi mingi baada ya kibofu kupona. Karatasi ya zamani basi isitupwe. Ionyeshwe kwa daktari wa ugonjwa unaofuata. Kwa mwanamume anayeenda kutolewa kinyama cha tezi dume kupitia njia ya haja kubwa, ionyeshwe kabla ya siku yenyewe, maana kinga ya sipro inayotolewa pale haimzuii ST131 kuingia na sindano hadi kwenye damu.